Rangi kuhama ubavuni mzunguko wa pili: acha gripa kwanza, kakague lei

Mleta mada, kwa dalili ulizozitaja mimi nisingenunua gripa (vibanio vinavyoshika karatasi mashineni) mpya bado.

Kwa anayeingia kwenye uzi sasa hivi: jamaa ana mashine ya kuchapa ya ofseti ya rangi mbili inayolishwa karatasi moja moja, na anachapa kazi ya rangi nne kwa kupitisha mzigo mara mbili. Nyeusi na sayani zinakaa vizuri. Akirudisha mzigo kwa ajili ya majenta na njano, karatasi kadhaa zinatoka safi, kisha inakuja moja imehamia ubavuni hadi karibu nusu milimita, halafu safi tena. Haina mpangilio. Fundi kamwambia gripa zimekwisha, zibadilishwe zote.

Sasa tazama hivi. Katika mzunguko mmoja karatasi hupangwa mara moja tu, pale mwisho wa bodi ya fida (kilishio cha karatasi) kabla haijaingia kwenye silinda. Ikishapangwa inashikwa na gripa, na rangi zote mbili zinaikuta tayari imebanwa. Kama ilipangwa vibaya, rangi zote mbili zitakosea pamoja na kwa kiasi kilekile. Zenyewe kwa zenyewe zitapatana, ila picha nzima itakuwa imesogea kwa kulinganisha na ukingo wa karatasi. Ndiyo maana nyeusi na sayani yako zinaonekana hazina tatizo. Inawezekana kabisa nusu ya kosa unaloliona mzunguko wa pili lilifanyika mzunguko wa kwanza na hukuwa na namna ya kuliona, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kulilinganisha nacho. Gripa za silinda zikianza kuachia, rangi mbili za mzunguko mmoja ndizo zingekuwa za kwanza kugombana. Na gripa inayoachia kwa kawaida huacha karatasi irudi nyuma, kwa hiyo picha ingepanda au kushuka. Yako inakwenda ubavuni. Kinachopanga ubavu ni lei ya pembeni.

Nieleze kidogo kwa wageni. Lei ni vile vizuizi vinavyoipokea karatasi inapofika mbele. Zipo za mbele, ambazo zinaizuia isiendelee na kuunyoosha ukingo wake wa kwanza, na ipo moja ya pembeni inayoivuta au kuisukuma hadi iguse kituo chake. Hata kama mashine ina safu ya lei za mbele, kinachoshika karatasi ni nukta tatu: mbili mbele, moja ubavuni. Mbili za mbele ziwekwe kila moja kiasi cha robo ya upana kutoka pembeni, ili kati yao ibaki nusu ya upana. Ukizikaribisha sana katikati karatasi inayumba, ukizipeleka pembeni kabisa katikati inabonyea.

Haya yote yanafanyika kwa muda mfupi sana. Kwa mwendo wa karatasi 6,000 kwa saa, kila karatasi ina sekunde 0.6 za mzunguko mzima, na ni sehemu tu ya hizo ndiyo ya kupangwa: ifike, itulie kwenye lei za mbele, ivutwe ubavuni, itulie tena, gripa zifunge, lei za mbele ziondoke njiani. Hatua moja ikichelewa inayofuata haisubiri. Ndiyo maana ukipunguza mwendo tatizo lako huenda likapungua au kuisha, na ukiliona linapungua hivyo, usikimbilie kusema mashine imezeeka.

Kabla ya kufungua nati yoyote, pima. Chukua karatasi tupu za kazi ileile, kama hamsini hivi. Kwenye pleti (bati lenye picha ya kuchapwa) uwe na kistari chembamba kilicholala sambamba na ukingo wa gripa, yaani ule unaotangulia kuingia, kinachoanzia milimita chache ndani ya karatasi na kutokeza nje ya ukingo wa upande wa lei ya pembeni. Kiwe chembamba kweli, maana sehemu inayotokeza nje itaacha wino kwenye silinda ya mgandamizo na utalazimika kuifuta. Chapa. Panga rundo vizuri kisha litazame kwa ubavu: vile vistari vinatakiwa vionekane kama mstari mmoja wima uliosimama. Ukiona mstari unacheza mbele na nyuma, tatizo lipo lei za mbele. Halafu zifungue karatasi kama unavyofungua karata mkononi, uangalie urefu wa kistari kwenye kila karatasi. Kikiwa kirefu hapa na kifupi pale, lei ya pembeni haifanyi kazi yake. Karatasi isiyovutwa hadi mwisho inabaki mbali na kituo, kwa hiyo picha inaukaribia ukingo na kistari kinakuwa kifupi. Alama moja inakupa majibu ya pande zote mbili, na hata kazi za kawaida naiacha pale siku zote.

Kisha rudisha karatasi zilezile, kwa mpangilio uleule, pleti ileile bila kuigusa. Mstari ukikaa juu yake wenyewe, hakuna shida ya kupanga, tafuta kwenye karatasi. Ukitoka mara mbili, umeshajua pa kwenda. Fanya hivyo papo hapo baada ya mzunguko wa kwanza, na kundi lingine la karatasi liache hadi kesho yake. Kundi la leo likiwa sawa na la kesho likiwa limehama, basi karatasi imebadilika ukubwa kati ya mizunguko miwili: imekunywa maji ya mashine, imekaa wazi usiku kucha, hewa ya chumba imebadilika. Hilo lei haliwezi kulitibu. Lakini karatasi iliyobadilika ukubwa huhama kwa utaratibu, kidogo upande wa lei na zaidi upande wa mbali, na karatasi jirani hufanana. Yako inaruka moja moja, kwa hiyo bado naielekea lei.

Haya, lei ya pembeni yenyewe. Nyingi za siku hizi ni za kuvuta: chini kuna kipande cha chuma kinachokwenda na kurudi, juu kuna kigurudumu kidogo chenye springi. Kigurudumu kikishuka, karatasi inabanwa kati yao na kuvutwa hadi igonge kituo. Hapo inatakiwa ikome, kigurudumu na chuma viteleze juu yake bila kuilazimisha. Ukishaelewa hilo, umeelewa kwa nini nguvu ya springi ndiyo kila kitu. Springi laini mno, karatasi nzito haifiki. Springi kali mno, karatasi nyepesi inafika, inagonga, inaendelea kusukumwa, ukingo unajikunja kidogo na kurudi nyuma baada ya kigurudumu kuinuka. Kwa macho unaona imefika, kumbe imesharudi. Watu wengi wakiona rejista (kupatana kwa rangi) inahama wanakaza springi. Kwa karatasi nyepesi mara nyingi ilitakiwa kulegezwa.

Zungusha mashine kwa mkono hadi karatasi ivutwe, simamisha kabla gripa hazijafunga, uiname utazame pale kwenye kituo kwa tochi. Ukingo uwe umegusa kituo bila kubinuka. Kuna kibati cha juu kinachozuia karatasi isipande; nafasi chini yake iwe ya kupitisha karatasi kwa uhuru bila kuiachia ijikunje, na mafundi wengi hupima kwa vipande vitatu vya karatasi ileile. Ukitoka kuchapa kadi ukaingia karatasi nyepesi na kibati hukukigusa, hapo ndipo ukingo unapojikunjia. Pangusa kigurudumu. Vumbi la karatasi na unga wa kuzuia wino usihamie karatasi ya juu vinakijengea utando, kinakuwa na siku za kuvuta na siku za kuteleza. Hiyo inafanana kabisa na dalili yako ya bila mpangilio, na ni kazi ya kitambaa tu.

Angalia pia karatasi inavutwa umbali gani. Mashine nyingi zinataka milimita 5 hadi 8 hivi, kitabu cha mashine yako kitakwambia. Kama rundo kwenye fida limekaa vibaya, karatasi moja inavutwa milimita 3, nyingine 11, na ile ya 11 haifiki. Mtu anahangaika na lei siku nzima wakati aliyekosea ni aliyepakia mzigo. Mzunguko wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu rundo linatoka kwenye mapokezi (pale karatasi zilizochapwa zinapotua) likiwa halijagongwa likanyooka.

Kitu kingine kinachoharibu ubavu huku kikijificha ni magurudumu juu ya bodi. Karatasi ikishafika lei za mbele, magurudumu ya mpira yawe yameshaachana na mkia wake (ukingo wa nyuma), na yale ya brashi yaguse mkia kidogo tu ili isidunde kurudi nyuma. Gurudumu la mpira likibaki limekanyaga mkia milimita chache, lei ya pembeni inavuta kichwa na mkia unagoma. Karatasi inakaa upande. Kwenye picha utaona upande wa gripa uko karibu na sahihi na upande wa mkia umehama zaidi. Kagua hilo kwenye karatasi zako mbaya kabla ya jambo lingine, maana huhitaji hata kusimamisha mashine.

Kuna mdau juu kashauri ukaze skrubu ya lei moja ya mbele "kurudisha" picha. Kwa heshima zote, hapana. Skrubu zile zipo kwa marekebisho madogo sana. Tabia ya kunyoosha pleti iliyofungwa upande kwa kuipindisha karatasi ndiyo inayoua mashine nyingi: karatasi inaingia mshazari, gripa zinashika nyingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, lei ya pembeni inakutana na ukingo uliolala. Nimekuta mashine ambazo skrubu zimefika mwisho upande mmoja na hakuna anayejua sifuri ilikuwa wapi. Pleti ikikaa upande, fungua pleti uinyooshe. Lei zirudishe sifuri kwa kufuata kitabu, kisha jaribu kwa kupenyeza kipande chembamba cha karatasi kati ya ukingo na kila lei: mvutano mkononi uwe sawa kushoto na kulia.

Upande wa karatasi nitasema machache. Mzunguko wa pili utumie ukingo uleule wa gripa na ubavu uleule uliotumika mwanzo; piga mstari wa kalamu wa mshazari ubavuni mwa rundo zima, karatasi iliyogeuka itajionyesha. Kama mzigo ulikatwa vipande viwili kutoka karatasi kubwa, usichanganye kulia na kushoto, kwa sababu ukingo mmoja ni wa gilotini na mwingine ni wa kiwandani na pembe zake haziko lazima sawa. Ukigeuza karatasi kuchapa nyuma kwa kubaki na ukingo uleule wa gripa, hamishia kazi lei ya upande wa pili wa mashine, ili ubavu uleule ndio uguse kituo. Na rundo lenye kingo zenye mawimbi halipangiki na lei yoyote. Liache limefungwa ndani ya chumba cha mashine hadi lizoee joto la hapo, na chumba chenyewe kikikaa karibu na unyevu wa asilimia 50 utalala usingizi.

Kwa aliyeuliza kama zamani walikuwa na shida hii: wapigachapa wa mashine za mkono walitumia sindano mbili. Zilitoboa karatasi wakati wa kuchapa upande wa kwanza, na upande wa pili karatasi ikavikwa kwenye matundu yaleyale. Polepole, lakini haikuwa na springi ya kubishana nayo. Siku hizi watengenezaji wa mashine Koenig & Bauer wana mfumo wa SIS usio na lei ya pembeni kabisa; kihisi kinasoma ukingo na karatasi inasogezwa ikiwa tayari imeshikwa.

Mleta mada, anza na kitambaa kwenye kigurudumu, kisha mkia na magurudumu ya bodi, kisha springi. Chapa zile karatasi za majaribio katikati ya kila hatua, usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Ikiwa baada ya hapo vistari vyote vina urefu mmoja na rangi bado inahama, hapo nitakubali twende kwenye gripa za mkono unaobembea, ule unaoichukua karatasi kutoka kwenye bodi, na ulete picha ya karatasi nzima, mkia ukionekana, pamoja na uzito wa karatasi na mwendo uliokuwa unachapa nao.