Njia ya nyumba za kale Arusha, Moshi hadi Taveta: niliijaribu, na hivi ndivyo ilivyokuwa

Mkuu umeuliza kama huku kwetu tunaweza kuunganisha nyumba za kale, za walowezi na za mangi (machifu wa Kichagga), kuanzia Arusha kupitia Moshi hadi Taveta ng'ambo ya mpaka, iwe njia moja ya utalii wa urithi, kama wenzetu wa Estonia na Latvia wanavyotembeza wageni kwenye majumba ya makabaila wao wa zamani. Wadau wawili wamekujibu kwamba huku hakuna majumba. Yapo. Mimi ni dereva mwongozaji, naishi Moshi, na kati ya 2018 na 2019 nilipeleka wageni kwenye njia hiyo mara tatu. Kilichonitoa jasho si majumba.

Nianze na hao wenzetu, maana watu wanawataja kana kwamba walirithi nyumba za babu zao. Sivyo. Makabaila wa kule walikuwa Wajerumani, na wakulima wenyeji walihesabiwa pamoja na shamba mpaka sheria za kati ya 1816 na 1819 zilipowaachia, tena mikono mitupu, bila ardhi. Mwaka 1905 wenyeji walichoma majumba mengi. Nchi zilipopata uhuru baada ya Vita ya Kwanza, serikali ziligawa mashamba yale, na majumba mengi yakageuzwa shule. Estonia hadi leo kuna watoto wanaojifunza hesabu chini ya dari ya kabaila, na baadhi ya shule hizo hufungulia wageni milango wakati wa likizo ya kiangazi. Picha mnazoziona ni za Palmse kule Estonia na Rundāle kule Latvia, zilizokarabatiwa zikang'aa. Mimi zilinivutia zaidi hizo shule, kwa sababu zinafanana na kwetu. Mwaka 1973 serikali ilitaifisha mashamba ya kahawa ya walowezi Kilimanjaro, mengi yakaenda kwa vyama vya ushirika. Nyumba ya mzungu ikawa ofisi ya chama, stoo, zahanati, au nyumba ya mwalimu. Haikubaki tupu.

Tena kuna jambo ambalo hata waongozaji wengi wa Arusha hawaligusi. Wale wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, waliouawa Akeri, Meru, Oktoba 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka huko huko: Ovir Mwestonia, Segebrock wa upande ambao leo ni Latvia. Kisasi cha Wajerumani kiliwaangukia Wameru na Waarusha, watu wakauawa na ng'ombe wakaswagwa. Miaka michache baadaye likasimama Boma la Arusha, ngome ya Wajerumani, kwa mikono ya wenyeji waliolazimishwa, na leo ndilo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Safari yangu ilianzia pale Boma, ikafuata Akeri, kisha makaburi ya Wapoland pale Tengeru, wakimbizi wa Vita ya Pili waliofikia kama 5,000 kuanzia 1942. Siku ya kwanza ni nyepesi, kila kitu kiko karibu na barabara kuu ya Moshi.

Siku ya pili ndipo mambo yalipoanza. Asubuhi tulipanda Old Moshi, Tsudunyi, kwenye mti ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa pale, tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18. Kichwa chake kinatafutwa Ujerumani hadi leo. Kutoka pale nilipanga twende kwenye nyumba moja ya mlowezi, sitaitaja, iko kwenye shamba la chama cha msingi cha ushirika upande wa Kibosho. Nilikuwa nimeongea na katibu kwa simu, akasema karibuni sana. Tukafika, mlango una kufuli. Katibu yuko mjini. Mlinzi anasema funguo anazo mama mmoja, na huyo mama hayupo. Wageni wanne, wote wazee waliostaafu, wamekaa barazani wanatazama migomba kwa dakika arobaini, mimi nazunguka na simu natafuta mtandao.

Mara ya pili nilikwenda na barua yenye muhuri. Katibu alikuwa amebadilishwa. Huyu mpya akataka shilingi 50,000 "za ofisi", bila risiti. Nikatoa, kwa aibu ya wageni. Ila safari hii mama wa funguo alikuwepo, na hapo ndipo nilipojifunza kazi hii inavyokwenda.

Alitufungulia. Chumba cha kulia cha mlowezi ni stoo ya mrututu, ile dawa ya kupulizia kahawa, meko ya ukutani imejaa magunia ya kahawa ya maganda, na sakafu ya mbao bado ni ngumu kama jiwe. Wageni walipiga picha dakika kumi, wakamaliza. Mama akaniuliza kwa nini sikumwita mzee anayeishi chini ya mfereji. Nikasema sikujua kama yupo. Akamtuma mtoto. Mzee akaja na fimbo yake, nikampa shikamoo, akaipokea, halafu akapita mlangoni bila hata kuchungulia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti uliokuwa nje na kutuonyesha kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Akakigonga kwa jiwe. Akasema, hii ndiyo ilikuwa nyumba. Ndani sikuwahi kuingia hata siku moja, ila mlio huu niliusikia kila alfajiri tangu nikiwa mtoto wa kuchuma kahawa, na ukichelewa siku yako haihesabiwi. Wageni walikaa naye saa nzima na nusu. Mmoja alikuwa analia, sijui kwa nini hasa, sikumuuliza.

Baada ya hapo nilipangua bajeti yote. Sikutoa tena pesa za ofisi bila risiti. Niliomba nipewe dakika tano kwenye mkutano wa chama, likaandikwa kwenye muhtasari: kila ziara kiasi fulani kwa chama, kiasi kwa mzee, na mama wa funguo atapika chakula cha mchana. Machalari ya ndizi na nyama, mtori, yaani supu ya ndizi, kwa wasio na meno mazuri, na mbege, pombe ya ndizi, kwa anayetaka kuonja. Msinicheke, ule mstari mmoja kwenye muhtasari ulinisaidia kuliko barua yangu yenye muhuri, kwa sababu katibu wa tatu aliukuta pale.

Sasa nije kwenye mpaka wenyewe. Holili na Taveta wana kituo cha pamoja tangu 2016, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, na mihuri haichukui muda. Gari ndilo tatizo. Kuna makubaliano ya 1985 kati ya Tanzania na Kenya yanayozuia gari la watalii la nchi moja kuzungusha wageni kwenye vivutio vya nchi nyingine, mnabadilishana mpakani. Mimi nilijua ya Namanga, mpaka wa barabara ya Arusha kwenda Nairobi, nikadhani Holili hawajali. Wanajali. Safari ya kwanza wageni wangu walivuka na mabegi mkononi, wakamalizia kwa bodaboda. Viza nazo zilikuwa mbilimbili, na ingawa Kenya iliacha viza 2024, mgeni bado anaomba kibali chao cha mtandaoni na viza yetu kando: ile ya pamoja ya Afrika Mashariki iliyoanza 2014 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo. Hesabu hiyo mwambie mgeni mapema kabla hajalipa.

Ushauri wangu ni njia isirudi. Iishie Voi, mgeni apande treni ya SGR kwenda Mombasa au Nairobi. Mnakuwa mnaifuata reli ya kijeshi ambayo Waingereza waliitandika kutoka Voi wakati wa Vita ya Kwanza, na mnapita Salaita, kilima walichoshindwa kukiteka Februari 1916.

Taveta kivutio ni kasri la Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, juu ya kilima, la miaka ya 1930, limezungukwa na nchi ya mkonge. Mwenzangu wa upande wa Kenya alitaka tueleze tu kwamba Grogan alisafiri kutoka Cape hadi Cairo. Nikamwambia na ile ya 1907 je, alipowachapa viboko Waafrika watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi? Tulibishana hadi usiku. Akasema wageni wamelipia mandhari. Kwangu, kama umewaonyesha reli ya yule mzee asubuhi, huwezi kuwaficha viboko jioni. Tulikubaliana yeye aeleze safari, mimi nieleze viboko, na maswali mengi yalikuja kwangu.

Kingine cha haraka: usidhani sheria ya mambo ya kale ya 1964 itakulindia nyumba ambayo haijatangazwa kuwa urithi. Safari ya tatu nilikuta vigae vya ile nyumba vimeshushwa na kuuzwa, juu kuna mabati ya bluu. Hakuna aliyevunja sheria, chama kilihitaji paa lisilovuja. Ukitaka vigae vibaki, wape sababu ya kuvibakiza kabla mvua za masika hazijaanza.

Lile la gari nalo alilitatua mama wa funguo. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili kutafuta dereva wa kuaminika Taveta, kumbe yeye anapeleka ndizi soko la Taveta kila wiki, ana mteja wake kule wa miaka mingi, na mteja ana mpwa mwenye gari la watalii lenye leseni. Alipiga simu moja tu. Ndiyo maana pia safari ya kwanza tulikuta kufuli: ilikuwa Jumatano, siku ya soko, na siku nyingine ya soko ni Jumamosi. Kwa hiyo ukipanga ratiba yako, Kibosho usiiweke Jumatano wala Jumamosi.