Fikasi kupukutisha majani baada ya kuhamishwa

Dada, umesema fikasi yako (ficus, mti wa mapambo wa kwenye chungu) imeanza kupukutisha majani wiki 2 baada ya kuitoa barazani na kuiweka sebuleni, nawe ukaiongezea maji. Hapo kwenye maji ndipo penye hatari. Fikasi ikibadilishiwa mwanga ghafla huangusha majani, hata ya kijani kabisa, na mara nyingi hupona. Lakini ikiwa na majani machache hunywa kidogo, na udongo ukikaa umelowa mizizi huoza. Chomeka kidole kwenye udongo sentimita 3 hivi. Ukikuta unyevu, usimwagilie. Maji yaliyotuama kwenye kisahani yamwage. Isogeze karibu na dirisha, mbali na upepo wa kiyoyozi, kisha usiihamishe tena. Kwaruza tawi kwa kucha: ukiona kijani ndani, lingali hai.