Fidla za Kompyuta Zinasikika Kama Kinanda

SWALI: Mhariri, ninatayarishia kwaya yetu muziki nyumbani kwangu Kayole, Nairobi. Kwa nini fidla ninazozipiga kwa kibodi husikika kama kinanda, ilhali sampuli zake (vipande vya sauti) zilirekodiwa kutoka kwa wapigaji halisi?

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi kosa haliko kwenye sampuli bali kwenye mkono uliozoea kibodi, kwa kuwa mpiga fidla huendelea kuitawala noti kwa upinde tangu inapoanza hadi inapokwisha. Ukisharekodi noti, rekodi pia mwendo wa vidhibiti vya midi (lugha inayopeleka amri za kibodi kwenye kompyuta) namba 1 na 11, ambavyo mara nyingi hutawala nguvu ya sauti na thamani zake ni 0 hadi 127. Katika noti ya mapigo manne, kwa mfano, panda polepole kutoka 45 hadi 80, kisha shuka kabla ya noti inayofuata. Usibonyeze kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya vidole vinne kwa sampuli ya kundi zima, kwani kila kidole huita kundi jingine zima la wapigaji. Wagawie noti hizo fidla za kwanza, fidla za pili, viola na selo, kama unavyowagawia waimbaji wako sauti nne. Mwangwi (ambao wengi hukimbilia kwanza) uache mwisho.