Kujitolea Saint Lucia: utaishije?

Dada, umeuliza maisha yakoje kwa mgeni anayekwenda kujitolea kufundisha Saint Lucia, kile kisiwa cha Karibi, mwaka mzima, na kama posho itatosha. Itatosha ukila kama wenyeji. Vya dukani vingi huja kwa meli, bei zake zitakukera. Jumamosi damka uende soko la Castries, mji mkuu: majimbi, shelisheli, ndizi mbichi. Hizo ndizi wao wanaziita "green fig", usidhani ni tini! Huchemshwa, zikaliwa na samaki wa chumvi aliyelowekwa na kukaangwa na vitunguu na pilipili hoho. Ndicho chakula cha taifa. Mtu aliyekulia kwenye ndizi hatapata shida.

Ukitajiwa bei, uliza ni dola ipi. Dola 1 ya Marekani ni 2.70 za kwao.

Usafiri ni vipanya kama vyetu, na magari hupita kushoto. Ila ukipanda, salimia gari zima kabla hujakaa. Kuingia kimya ni utovu wa adabu, hata dukani, na mwalimu mgeni husemwa haraka. Shuleni ni Kiingereza, lakini barazani utasikia Kwéyòl, Krioli yao iliyotokana na Kifaransa; jifunze japo "Sa ka fèt?", yaani mambo vipi, uone watakavyocheka na kukukaribisha.

Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga. Weka maji ya akiba, tochi, na nakala za pasipoti kwenye mfuko wa nailoni. Upweke wa jioni utakuwepo, hasa miezi ya mwanzo. Usijifungie ndani.