Mbwa anachechemea, daktari ametaja saratani ya mfupa

Pole sana. Kwa mbwa mkubwa wa miaka 8 mwenye uvimbe mgumu juu kidogo ya kifundo cha chini cha mguu wa mbele, hofu ya daktari ina msingi. Kabla ya kukubali mguu ukatwe, omba kifua kipigwe eksirei. Saratani hii hukimbilia mapafuni. Usimpe ibuprofeni wala panadoli ya nyumbani: ibuprofeni hutoboa tumbo na kuharibu figo. Dawa ya maumivu aandike daktari wa mifugo. Mfupa ulioliwa na saratani huvunjika hata kwa kuruka toka kwenye kochi, basi mzuie ngazi na umtoe haja kwa kamba fupi. Akikatwa mguu, mbwa wengi husimama wenyewe ndani ya siku chache. Tandika mikeka sakafuni asiteleze.