Kwa seta ambaye mpira wake umekosa wa kuupiga

Wiki iliyopita, saa tano usiku, niliingiwa na ujumbe huu: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni seta wa timu ya wavu, nipo kidato cha pili. Wenzangu wananiita Mfalme. Mwanzoni nilidhani wananisifia. Jana kwenye mechi nimepandisha mpira na hakuna aliyeruka. Nihame timu?"

Marahaba, mdogo wangu. Niliusoma mara tatu, nikazima taa, na usingizi ukanipaa kabisa. Jina hilo la Mfalme najua limetoka wapi: kwenye Haikyu!!, na nina hakika wenzako wanajua walichomaanisha.

Kwa wasioujua mpira wa wavu, seta ni yule anayeupandisha mpira ili mwenzake aruke aupige. Na kwa wasioifahamu, Haikyu!! ni hadithi ya katuni ya mchezo huo, ya Haruichi Furudate, iliyotoka Japani tangu 2012 hadi 2020, vitabu 45 vizima. Ndani yake mna shule ya kubuni inayoitwa Kitagawa Daiichi, mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani. Ni shule ya watoto wa miaka 12 hadi 15, na timu yake ya wavu inatisha. Mwanzoni kabisa mwa hadithi wanaikung'uta shule isiyo na hata wachezaji wa kutosha, 25–5 na 25–8. Ukiyasoma matokeo hayo utadhani watoto wale walikuwa na raha. Hawakuwa nayo. Seta wao ni Kageyama Tobio; wako mbele kwa pointi kibao na bado anawafokea wenzake. Anataka mbio zaidi, anataka waruke juu zaidi. Ndio hao waliompa jina la Mfalme wa Kiwanja. Kisha, kwenye fainali ya mkoa, anapandisha mpira mzuri, anageuka, na hakuna mtu. Wameuacha udondoke. Kocha anamtoa.

Nilipoliona tukio hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshaajiriwa, mtu mzima na mshahara wangu. Nikaifunga simu nikatoka nje. Kwa sababu mimi lilinipata kwelikweli, mwaka ambao wala sikuwa najua kwamba Wajapani wana hadithi kama hiyo.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja. Nasema bila kuona haya: wilaya nzima hakukuwa na msichana aliyeweza kupandisha mpira kama mimi. Nilikuwa naweza kumpa mpigaji aliye nyuma yangu bila kumtazama, na ukafika. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri napiga mpira ukuta wa bwalo la chakula hadi matroni aje kunifukuza. Kocha wetu alikuwa ananiambia mbele ya wote, "Wewe ndiye ubongo, hawa wengine ni mikono tu." Nikaamini. Ungeamini hata wewe.

Basi nikawa nawatendea kama mikono. Namba nne wetu, yaani mpigaji wa mbele kushoto, dada mmoja mrefu wa kidato cha nne, mwenye mkono mzito kuliko wavulana wengi, nilikuwa nampa mpira wa chini na wa kasi, kwa sababu niliona ndivyo unavyopita bloku, mikono ya wapinzani wanaoruka kuzuia. Akichelewa namfokea. Akiugusa wavu namfokea. Siku moja aliniomba, "Nipandishie kidogo basi." Nikamjibu, "Ruka mapema." Alinitazama tu, akaenda kunywa maji.

Fainali ya wilaya ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilichezwa kwenye kiwanja cha udongo, mistari ya majivu, wavu umefungwa kwenye miti miwili. Tumeshinda seti moja, tumefungwa moja, tuko ya tatu, 11–11. Mpira ukapokelewa vizuri, ukanijia paji la uso kama nilivyoupenda siku zote. Nikaupeleka namba nne. Hadi leo nasema ule ndio mpira bora kuliko yote niliyowahi kupandisha. Uliondoka vidoleni bila sauti. Nikasikia kimya. Nilipogeuka alikuwa amesimama, mikono kiunoni, ananitazama mimi na si mpira. Mpira ukadunda kwenye mstari, ukaacha alama ya majivu, ukaviringika hadi miguuni mwa mama aliyekuwa anauza miwa. Akaniokotea, akaupangusa kwa kanga yake, akanirushia.

Kocha hakuniuliza kitu. Alinyoosha kidole kwenye benchi. Nikakaa, nikaanza kubandua plasta vidoleni, moja baada ya nyingine, hadi mechi ikaisha. Tulifungwa. Timu ya mkoa ilipotangazwa, namba nne alikuwemo na wenzetu wawili. Mimi sikuwemo. Yule aliyeniita ubongo ndiye aliyepeleka majina.

Imepita miaka kumi na zaidi, na bado nikinusa majivu yaliyomwagiwa maji koo linanikaba.

Sasa nisikilize. Kuhama hakutakusaidia. Utaubeba mdomo huohuo hadi timu mpya, na kwa mwezi mmoja watakuwa wameshakubatiza tena. Kitu cha kufanya ni kimoja: kamuulize mpigaji wako anautaka mpira wapi. Sio kumwelekeza, kumuuliza.

Wajapani wenyewe humwita seta shireitō, yaani mnara wa kuongozea, na nchi ile imelea maseta wa kweli. Katsutoshi Nekota alipata shaba ya Olimpiki 1964, fedha 1968, na dhahabu Munich 1972. Timu ile ya kocha Yasutaka Matsudaira ilitamba kwa mashambulizi ya haraka na ya kuhadaa. Hebu fikiri mpira wa haraka ulivyo: mpigaji anaruka mpira ukiwa bado haujatoka mikononi mwa seta. Yuko hewani, mkono umeinuliwa, na hana kitu cha kupiga ila imani yake kwako. Mtu uliyemtukana asubuhi ataruka vipi? Atasubiri auone mpira kwanza, na akisubiri umeshapita. Wewe utasema ni mvivu.

Wale wa Kitagawa Daiichi waliitwa wavivu vilevile. Kunimi, mmoja wao, Kageyama alikuwa anamwona hajitumi. Baadaye, sekondari ya juu, Kunimi anacheza chini ya seta mwingine, Oikawa, ambaye naye alitoka shule ileile. Oikawa anajua kijana huyu anatunza nguvu zake, basi anamwacha azitunze, halafu anamtumia mwishoni mwa mechi wengine wakiwa hoi. Na Kindaichi, mwenzao mrefu, anapewa mpira wa juu anaoufikia mkono wake ulipo mrefu zaidi. Wapigaji ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliyewatazama.

Na Oikawa hakuzaliwa hivyo. Yeye na Kageyama walikutana palepale Kitagawa Daiichi, mmoja mwaka wa mwisho, mwingine wa kwanza. Mdogo anakuja na kipaji cha kutisha, mkubwa anakosa usingizi, na jioni moja mdogo anapoomba afundishwe kuanzisha mpira, mkono wa mkubwa unanyanyuka kumpiga. Rafiki yake Iwaizumi anaudaka, kisha anamgonga kichwa na kumkumbusha kwamba kiwanjani wako sita. Kwenye mashindano yao ya mwisho wanapoteza fainali lakini wanachukua seti moja kwa timu iliyokuwa inawaonea siku zote, na Oikawa anapewa tuzo ya seta bora. Mimi sikuwa na Iwaizumi. Ningekuwa naye mwaka ule, mengi yangekuwa tofauti. Kama unaye rafiki wa kukwambia ukweli, hata akikugonga kichwa, usimkimbie.

Wazazi na makocha mnaosoma hapa, na nyinyi ninawaambia: acheni kumwita mtoto mmoja ubongo. Mnamvisha taji halafu mnashangaa hakai na wenzake kula. Na akianguka mnanyoosha kidole kwenye benchi. Mtoto wa miaka kumi na tano hajui kujitoa kwenye upweke huo. Nendeni mkakae naye.

Mwaka juzi nilikutana na namba nne stendi ya mabasi, amebeba mtoto mgongoni. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, dada, nisamehe, sikuwahi kukuuliza ulikuwa unautaka mpira wapi. Alicheka kwanza. Halafu akauweka mfuko chini, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akapima. "Hapa. Ulikuwa unauleta hapa. Mimi nilikuwa nautaka hapa." Kati ya hapa na hapa kulikuwa na kiganja kimoja.

Nilirudi shuleni ninapofundisha, nikawapanga wasichana wangu wa timu ya wavu mstari mmoja, seta akapita kwa kila mpigaji na daftari, anauliza, anaandika. Mmoja anautaka mbali na wavu, mwingine anataka usubiri juu, mwingine hajui, akaruka mara tano ndipo akajua. Mwaka huu tumechukua wilaya bila kupoteza seti, na seta wangu ameitwa timu ya mkoa. Daftari amelibeba kambini.

Kwa hiyo kesho jioni, kabla ya mazoezi, mfuate yule ambaye hakuruka. Anza na pole, maana kuna siku ulimfokea na unaikumbuka. Kisha mpe mpira ashike, mwambie aunyanyue hadi pale anapoutaka, na upime kwa macho yako. Usimjibu kitu. Akishakuonesha, niandikie, hata ikiwa saa tano usiku.