Wasomaji Wauliza: Kwani Sufuria Haishiki Kutu?

SWALI: Asalaam aleikum. Nyumba yetu iko karibu na bahari, nondo za dirisha zishaliwa na kutu, mabati nayo hayadumu, lakini sufuria za aluminiamu za mamangu ziko vile vile tangu sijaolewa. Kwani hazishiki kutu? Na mbona ndani zinakuwa nyeusi, nikizisugua kwa magadi ndio zaharibika zaidi?
– Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Aluminiamu inashika kutu, tena haraka kushinda chuma, ila kutu yake ndiyo inayoiokoa. Ikipata hewa tu, pale pale inashikana na oksijeni inafanya utando mwembamba mno, mgumu, huuoni kwa macho. Kutu ya chuma hubambuka, chuma kinabaki wazi kinaliwa tena na tena, lakini utando huu umeng'ang'ania haswa, na ukiukwaruza kwa mwiko unajifanya upya saa hiyo hiyo.

Sasa magadi ndio adui mkubwa, yanayeyusha utando halafu yanaila aluminiamu yenyewe, vile vipovu unavyoona ni gesi ya hidrojeni inatoka. Tafadhali acha kabisa! Jivu nalo usililoweke humo, tabia ni moja. Weusi unatokana na maji, hasa ya kisima yenye madini mengi, na hauna sumu. Ukikukera, chemsha maji na ndimu dakika chache utatoka. Lakini ukali pia ukikaa sana unakula utando, kwa hivyo mchuzi wa ukwaju pika, usiulaze humo mpaka asubuhi, utie bakuli la kioo au chungu.

SWALI: Bibi zetu walipikia vyungu na sufuria za shaba, hii aluminiamu ilikuwa wapi zamani zote hizo?
– Kijana wa Mkomani

JIBU: Ilikuwa chini ya miguu yao. Kama asilimia 8 ya ganda la dunia ni aluminiamu, lakini haipatikani peke yake, imeshikana na oksijeni (ile ile inayolinda sufuria ya dada hapo juu) na kuwaachanisha ni kazi nzito. Ørsted wa Denmark alipata kidogo mwaka 1825, na kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha thamani ya kifahari, hata mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington walitia kilele cha aluminiamu, kama kilo 2.8 hivi. Halafu 1886 Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, vijana wote wawili na kila mmoja kivyake, wakagundua kuitoa kwa umeme na bei ikaporomoka. Umeme wenyewe ni mwingi sana, ndio maana skrapu ina soko: kuyeyusha ya zamani kunakula kama asilimia 5 tu ya nguvu ya kutengeneza mpya. Sufuria iliyotoboka usiitupe, iuze.

SWALI: Injini ya boti, sehemu inayozama majini inamomonyoka nyeupe nyeupe. Tatizo nini?
– Nahodha, Malindi

JIBU: Nahodha, angalia kama kuna shaba imegusana na aluminiamu, kwa maana kwenye maji ya chumvi zikikutana aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kuna kipande cha zinki hufungwa pale chini makusudi kiliwe badala yake, kikiisha nusu badilisha, na usikipake rangi hata kidogo, ukikipaka hakifanyi kazi. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba pia usiipake kwenye aluminiamu.